Daktari Aliyehesabu Watu: Palmer Beasley na Saratani ya Ini

(Muziki wa kufungua kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Wewe uliye Nyarugusu, wewe uliye Kakuma au Dadaab, wewe uliye Nakivale, na wewe unayesoma maandishi haya kwa sababu betri ya redio imekwisha, karibu sana katika mazungumzo yetu ya afya ya wiki hii.

Leo tunazungumzia ini, na daktari mmoja aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kutafuta jibu la swali moja: saratani ya ini inatoka wapi?

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Ni swali letu pia. Tumeshaona jinsi inavyokuwa. Mtu wa miaka 40 au 50, baba wa familia, anaanza kukonda. Anasikia maumivu upande wa kulia, chini ya mbavu. Tumbo linajaa maji, miguu inavimba, macho yanageuka njano. Miezi michache tu, tunakwenda kuzika. Na kabla hata matanga hayajaisha, maneno yanaanza. Amelishwa sumu. Alikula kwa nani? Nani alimkaribisha pombe? Majirani waliokimbia vita pamoja, waliovuka mpaka pamoja, wanaacha kusalimiana. Wengine wanahama bloku kwa sababu ya jina walilopewa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tulia, usikilize habari hii mpaka mwisho. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka kisiwa cha Taiwan huko Asia, halafu tutarudi hapa kwetu, kwenye kliniki ya mama na mtoto.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kwanza tuelewane juu ya jina. Kuna ugonjwa unaoitwa homa ya ini. Wataalamu wanauita hepatitisi. Usiuchanganye na homa ya manjano, ile inayoletwa na mbu. Hiyo ni nyingine kabisa, na chanjo yake ni nyingine.

Homa ya ini ina aina kadhaa, na kila aina ina virusi vyake. Aina ya A na aina ya E zinapita kwenye maji na chakula chenye uchafu. Hizo tunazisikia sana makambini vyoo vinapojaa na mvua inaponyesha. Aina ya B na aina ya C zinapita kwenye damu. Leo tunashika aina ya B.

Aina hii ya B ina tabia ya kujificha. Inaweza kukaa ndani ya ini la mtu miaka 20, 30, hata 40, naye halalamiki chochote. Analima, anabeba mizigo, anacheza mpira, anaoa, anazaa. Virusi vimetulia humo ndani, vinalichubua ini kidogo kidogo.

Zamani hakuna aliyejua kwamba virusi hivyo vipo. Aliyevifungulia mlango ni mwanasayansi wa Marekani, Baruch Blumberg. Miaka ya 1960 alikuwa akilinganisha damu za watu wa mataifa mbalimbali. Katika damu ya mwenyeji mmoja wa asili wa Australia aliona kitu kigeni. Baadaye ikajulikana kwamba kitu hicho ni sehemu ya ganda la virusi vya homa ya ini ya B. Mwaka 1976 Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kuanzia hapo, kwa mara ya kwanza, ikawezekana kuchukua damu ya mtu anayejiona mzima na kumwambia: wewe unabeba virusi hivi, au wewe huvibebi.

Kipimo kikawa kimepatikana. Maswali mawili yakabaki. Watu wengi hivi wanaobeba virusi wanavipata wakati gani? Na je, virusi hivi ndivyo vinavyoleta saratani ya ini, au vinaonekana tu pale ambapo saratani ipo?

Hapo ndipo anapoingia daktari wetu wa leo.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Jina lake ni Palmer Beasley. Alizaliwa California, Marekani, mwaka 1936, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard. Fani yake inaitwa epidemiolojia. Neno ni refu lakini kazi yenyewe inaeleweka. Daktari wa kawaida anamwangalia mgonjwa mmoja aliye mbele yake. Mtu wa epidemiolojia anaangalia kijiji kizima, anahesabu: nani ameugua, nani hajaugua, na hawa wawili wanatofautiana kwa kitu gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Beasley alikuwa Taiwan, akifanya kazi chini ya Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Taiwan ilikuwa mahali pa kufaa kwa swali lake, na kwa watu wa Taiwan hiyo haikuwa sifa nzuri. Saratani ya ini ilikuwa ikiua watu wengi huko, hasa wanaume. Na damu zilipopimwa, ilionekana kwamba katika kila watu wazima 100, karibu 15 wanabeba virusi vya homa ya ini ya B.

Yeye na wenzake walianza na akina mama. Kazi hiyo aliifanya pamoja na mtafiti mwenzake, Cladd Stevens, na madaktari wa Taiwan. Waliwafuata akina mama 158 wanaobeba virusi, ambao wenyewe hawakuwa wagonjwa. Walipojifungua, watoto walipimwa damu, na kupimwa tena miezi ilivyokwenda. Majibu yalitoka mwaka 1975. Kabla ya kutimiza miezi sita, watoto wapatao 4 katika kila 10 walikuwa tayari na virusi.

Wengi wa watoto hao walivipata wakati wa kuzaliwa kwenyewe, pale mtoto anapopita katika damu na majimaji ya mama yake. Mama hakufanya kosa lolote. Hata yeye hakujua. Huenda naye alivipata siku aliyozaliwa, kutoka kwa mama yake, ambaye naye hakujua.

Shikeni hesabu hii, maana ndiyo mzizi wa mazungumzo yetu. Mtoto mchanga akiambukizwa homa ya ini ya B, watoto 9 katika 10 wanabaki na virusi hivyo kwa miaka mingi, wengi mpaka uzeeni. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, wanaobaki navyo hawafiki 5 katika 100. Mwili wa mtu mzima unavifukuza. Mwili wa mtoto mchanga haujajua bado nani ni adui na nani ni wa nyumbani. Unavipokea, vinakaa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye saratani. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba chanzo kikubwa cha saratani ya ini katika Afrika na Asia ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Hawakukosea kabisa, tutairudia sumukuvu baadaye. Lakini Beasley alitaka kujua nafasi ya virusi.

Utathibitishaje jambo kama hilo? Ukiwapima watu ambao tayari wana saratani, ukawakuta na virusi, mtu atakuuliza: una hakika gani kwamba virusi vilitangulia? Pengine mwili uliodhoofika na saratani ndio ulioshikwa na virusi. Ni kama kukuta moto na jirani mahali pamoja. Jirani anaweza kuwa ndiye aliyeuwasha, au amekuja kuuzima.

Njia iliyobaki ilikuwa ngumu na ndefu. Uwachukue watu wazima wengi wakiwa bado na afya. Uwapime damu. Uandike nani ana virusi na nani hana. Halafu uwafuate mwaka baada ya mwaka, uone nani anaumwa na nani anakufa, na anakufa kwa nini.

Beasley, pamoja na Daktari Lu-Yu Hwang wa Taiwan, ambaye baadaye alikuwa mke wake, na wenzao wengine, walifanya hivyo. Kuanzia mwaka 1975 waliandikisha wanaume 22,707, watumishi wa serikali. Kwa nini watumishi wa serikali? Kwa sababu walikuwa na bima. Mtumishi akilazwa, kuna karatasi. Akifa, kuna karatasi. Hapotei. Sisi tuliokwisha kuhamahama tunajua vizuri tofauti ya mtu mwenye karatasi na mtu asiye nayo. Utafiti ule ulisimama juu ya karatasi hizo.

Wanaume 3,454 walikutwa na virusi. Wanaume 19,253 hawakuwa navyo. Fikiria foleni mbili za mgao, moja fupi, nyingine ndefu mara tano na zaidi. Kama virusi havina uhusiano na saratani, ile foleni ndefu ndiyo itakayokuwa na wagonjwa wengi, maana ina watu wengi.

Mwaka 1981 walitoa majibu. Waliopata saratani ya ini mpaka wakati huo walikuwa 41. Katika ile foleni ndefu ya watu 19,253, alikuwa mtu 1. Katika ile foleni fupi ya watu 3,454, walikuwa watu 40.

Narudia kwa anayeandika: mmoja kule, arobaini huku.

Walipopiga hesabu, hatari ya mtu anayebeba virusi kupata saratani ya ini ilikuwa zaidi ya mara 200 ya yule asiyevibeba. Na kati ya vifo vyote 105 vilivyotokea katika kundi la wenye virusi, zaidi ya nusu vilitokana na ini, ama saratani, ama ini kukauka na kuwa na makovu. Hesabu ya namna hiyo haina mahali pa kuikwepa. Dunia ya kitabibu ilikubali.

Sasa unganisha mambo mawili haya. Virusi vinaingia siku ya kuzaliwa. Saratani inatokea miaka 40 baadaye. Kwa hiyo yule baba tunayemzika leo, mara nyingi ugonjwa wake hauna uhusiano na chakula alichokula mwezi uliopita kwa jirani. Unaweza kuwa umeanza siku mkunga alipompokea, au alipokuwa mtoto anayetambaa. Aliyempikia wali Jumapili hana habari.

Sisemi kwamba kila tumbo linalovimba ni homa ya ini ya B. Kuna kichocho, kuna pombe, kuna magonjwa mengine ya ini na ya moyo. Ndiyo maana hospitali ipo, ipime. Lakini kabla hatujamtaja mtu jina kwenye matanga, tukumbuke foleni mbili zile.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kazi hii haikwenda kwa urahisi. Mwaka 1979 serikali ya Marekani ilibadili uhusiano wake, ikaitambua serikali ya Beijing badala ya ile ya Taiwan. Maabara ya jeshi la majini la Marekani iliyokuwa Taipei ikaondoka. Sisi tunajua siasa ikigeuka huko juu jinsi mradi unavyofungwa huku chini. Lakini Beasley na kikosi chake waliendelea kubaki Taiwan, wakaendelea kuwafuata wale wanaume na wale watoto.

Na kujua chanzo hakukuwatosha. Walitaka kuufunga mlango.

Jaribio la kwanza lilikuwa la sindano ya kingamwili, yaani askari wa mwili waliochukuliwa kutoka kwenye damu ya watu waliokwisha kuvishinda virusi hivi. Watoto wa akina mama wenye virusi walipewa sindano hiyo mara tu walipozaliwa. Wengine walipewa sindano isiyo na dawa, ili ipatikane njia ya kulinganisha. Jambo hilo ni zito, na sitalipitia haraka. Wakati ule hakuna aliyejua kama dawa itafanya kazi, na bila kulinganisha asingejua mtu. Katika watoto waliopata sindano isiyo na dawa, zaidi ya 9 katika 10 walibaki na virusi. Katika waliopata dawa mara tatu, waliobaki na virusi walikuwa kiasi cha robo. Akina mama wale wa Taiwan ndio waliotupa majibu, wote, wa kundi hili na wa kundi lile. Majina yao hayamo kwenye vitabu.

Halafu ikaja chanjo yenyewe, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1981. Beasley na wenzake waliiunganisha na kingamwili kwa watoto wachanga. Majibu ya mwaka 1983 yalionyesha kwamba zaidi ya 90 katika kila watoto 100 ambao wangebaki na virusi walikingwa.

Serikali ya Taiwan haikungoja. Julai 1984 ilianza kuwachanja watoto wa akina mama wenye virusi, na mwaka 1986 ikaongeza watoto wote wanaozaliwa. Baada ya miaka kumi, watoto wanaobeba virusi katika mji wa Taipei walishuka kutoka karibu 10 katika 100 mpaka karibu 1 katika 100. Na mwaka 1997 madaktari wa Taiwan, wakiongozwa na Mei-Hwei Chang, walitangaza kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Hii ikawa chanjo ya kwanza kuonyesha kwamba sindano inaweza kuzuia saratani kwa binadamu.

Beasley mwenyewe alirudi Marekani, akawa mkuu wa shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Texas, mjini Houston. Aliendelea kusukuma nchi zote ziwape watoto chanjo hii. Mwaka 1992 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulikubali kwamba kila nchi iiingize katika chanjo za watoto. Beasley alifariki mwaka 2012.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa turudi kwetu.

Afrika nayo ilikuwa na watafiti wake katika jambo hili. Nchini Gambia, mradi mkubwa wa kuwachanja watoto na kuwafuata ulianza mwaka 1986. Huku Afrika ikaonekana tofauti moja. Watoto wetu wengi wanavipata virusi katika miaka ya kwanza ya maisha, kutoka kwa watoto wenzao na watu wa nyumbani, kwa vidonda, mikwaruzo, wembe mmoja. Wengine wanavipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Njia zote mbili zipo, kwa hiyo zote mbili tuzizibe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini ya B. Katika kila maambukizi mapya 100, 63 yalikuwa katika kanda ya Afrika. Lakini katika kila watoto 100 wanaozaliwa katika kanda hiyo, 18 tu ndio waliokuwa wakipata chanjo ile ya siku ya kuzaliwa. Chanjo iliyojaribiwa kabla sisi vijana hatujazaliwa bado haijamfikia mtoto wa Afrika kwa wakati wake.

Basi tufanye nini? Nitasema kwa mpangilio, na aliye na kalamu aandike.

La kwanza. Katika nchi zetu nyingi, chanjo ya homa ya ini ya B imo ndani ya sindano inayoitwa pentavalenti, ile ya magonjwa matano. Mtoto anaipata akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Sindano tatu. Mama, usiishie ya kwanza kwa sababu mtoto alilia usiku na paja likavimba. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Baba, siku ya kliniki si siku ya mama peke yake. Kama mama yuko kwenye foleni ya posho, wewe mbebe mtoto.

La pili. Kuna dozi ya siku ya kuzaliwa, ndani ya saa 24. Nchi nyingine zinaitoa, nyingine bado. Muulize mkunga wakati wa kliniki ya ujauzito: hapa mnatoa chanjo ya homa ya ini siku ya kuzaliwa? Naweza kupimwa mimi mwenyewe? Ukijifungulia nyumbani, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, au mapema utakavyoweza. Na kama wanakujibu kwamba haipo, swali lako halijapotea. Lipeleke kwa kiongozi wa bloku, lisemwe kwenye mikutano ya afya. Kitu kisichoulizwa hakiagizwi.

La tatu. Kadi ya kliniki. Iweke pamoja na karatasi zako za ukimbizi, kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Ukihamishwa kambi, ukirudi nyumbani, ukipelekwa nchi ya tatu, kadi hiyo ndiyo itakayosema mtoto alipata sindano ngapi. Kama imepotea, usimfiche mtoto kwa aibu. Nenda useme imepotea, watakuelekeza.

La nne. Wembe, sindano, mswaki, kifaa cha kutoboa masikio, kisu cha tohara, wembe wa chale: visitumike kwa watu wawili bila kusafishwa kitaalamu. Virusi hivi vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Vijana wenzangu mnaonyoa nywele chini ya mti, wembe mpya kwa kila kichwa. Mteja, nunua wako. Virusi vinapita pia katika tendo la ndoa, na kondomu inasaidia.

La tano, na hili naomba tulisikie kwa moyo. Homa ya ini ya B haipiti kwenye sahani. Haipiti kwa kushikana mkono, kukumbatiana, kukaa kwenye benchi moja, kula ugali kwenye sinia moja. Haipiti kwenye kikohozi. Mama mwenye virusi anaweza kumnyonyesha mwanawe. Kwa hiyo mtu akipimwa akaonekana navyo, asitengewe kikombe wala mkeka. Si malaya, si mchawi, wala si mchafu. Pengine alizaliwa navyo.

La sita. Ukiambiwa unavyo, hujahukumiwa kufa. Wengi wanaishi mpaka uzee. Daktari ataangalia hali ya ini. Wanaohitaji dawa wanapewa vidonge, kama vile tenofovir, vinavyovituliza virusi na kupunguza hatari ya saratani. Vinanywewa kila siku, na usiviache bila kuongea na daktari. Acha pombe, maana ini lako tayari lina kazi. Epuka dawa za mizizi usizojua zinafanya nini. Na uwaambie wa nyumbani kwako wapimwe, wasio na virusi wachanjwe.

La saba ni sumukuvu niliyowaahidi. Ukungu kwenye mahindi na karanga ni hatari kwa kila mtu, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini hatari inazidishwa. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya sumukuvu iliua watu zaidi ya 100 kwa muda mfupi. Kuchemsha hakuiondoi. Ukipokea mgao, anika mahindi yakauke vizuri, yainue kutoka chini, chagua punje zenye ukungu utupe. Najua kutupa chakula ni kugumu pale mgao unapopunguzwa. Hata hivyo, punje ile nyeusi usimpikie mtoto uji.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kabla sijawaaga, kuna swali ambalo linaulizwa sana makambini: hawa watu wanaokuja kututoa damu, wanaipeleka wapi?

Ni swali halali. Una haki ya kuuliza damu yako inapimwa nini, nani ataona majibu, wewe utapewa lini, na ukikutwa na ugonjwa utatibiwa wapi. Una haki ya kukataa utafiti bila kunyimwa matibabu wala posho. Anayekuja kwa nia njema atakujibu kwa lugha unayoielewa. Asipojibu, usinyooshe mkono.

Lakini ukishajibiwa vizuri, kumbuka pia wale watumishi 22,707 wa Taiwan. Walikaa kwenye kiti, wakakunja shati, wakatoa damu. Wengi walirudi kazini wakasahau. Arobaini na mmoja wao, kwa ugonjwa wao, ndio waliomfanya mtoto anayechanjwa leo katika kliniki yako akingwe na saratani ya mwaka 2070. Beasley alijua kuhesabu, nao walikubali kuhesabiwa.

Kwa hiyo wiki hii, kazi yetu ni ndogo. Mwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja, toa ile kadi, hesabu sindano. Zikiwa hazijatimia, kesho asubuhi mpeleke kliniki. Usiyejua kusoma kadi, mwite mhudumu wa afya wa jamii wa zoni yako, akusomee. Na kama una swali ambalo sikuligusa, liandike, mpe mhudumu huyo, litatufikia, na tutamwomba daktari alijibu hapahapa.

Wagonjwa, poleni, Mungu awape nafuu. Tukutane wiki ijayo, saa hizihizi.

(Muziki wa kufunga unapanda.)